Mabasi Yaliyokataa Kushuka

Kuna watu wanaojulikana kwa sura, kuna wanaojulikana kwa mwendo, na kuna wale wanaojulikana kwa ubishi. Huyu mama anajulikana kwa koo. Mwambie dereva yeyote wa mabasi ya mlimani akuonyeshe Mama Sauti sokoni, atazungukazunguka kama kuku mwenye kideri, maana wengi wao hawajamtazama usoni hata siku moja. Lakini mama huyohuyo akikohoa nyuma yao, wote watasimama wima na kuficha sigara. Haya nimeyaona kwa macho yangu, na macho yangu hayajawahi kunidanganya isipokuwa mara moja, na siku hiyo kulikuwa na ukungu.

Wageni wakimsikia kwenye redio ya mabasi hutarajia jimama la kujaza mlango. Wakifika chumba anachosemea wanamkuta mwanamke mwembamba kama mpini wa ufagio, miwani imefungwa uzi, miguu haifiki sakafuni vizuri akikaa kitini, na ile sauti nzito inatoka sijui wapi. Mungu hugawa anavyojua mwenyewe.

Chumba chake kilikuwa nyuma ya karakana ya kampuni ya mabasi, pale harufu ya grisi inapoingia bila kubisha hodi. Dirisha moja lenye nondo, feni inayolalamika kama mkwe aliyenyimwa nyama, na meza ambayo ukingo wake umelika kwa viwiko. Juu ya meza, redio ya upepo, ile ya kubonyeza ukasema, ukaachia ukasikiliza. Kutwa nzima basi hili limepata pancha, lile abiria wake amezimia, jingine dereva anauliza kama mvua imeshika upande wa pili. Mama Sauti alijibu yote. Aliwagombeza, aliwapoza, aliwatafutia fundi, na aliyechelewa bila sababu alijua kwamba akifika yadi atasomewa ukoo wake wote.

Sasa, kati ya mji wa juu na miji ya bondeni kuna mteremko. Ni mrefu, ni kona juu ya kona, mkono mmoja ukuta wa mwamba na mkono wa pili hakuna kitu, hewa tupu. Pale juu pana uwanja mdogo ambapo kila dereva husimama kujaribu breki. Akisharidhika, hushika maiki na kusema, "Mama, naanza kushuka." Naye hujibu, "Shuka, nipo." Akifika chini kwenye mizani husema, "Mama, nimefika." Naye, "Nimesikia." Basi. Hakuna kanuni iliyoandika hivyo, na hakuna bosi aliyeagiza. Lakini dereva mpya alifundishwa na mkongwe mambo matatu ya mteremko huo: gia nzito, honi kwenye kona, na kumwita mama.

Yalianzaje? Mumewe alikuwa dereva wa kampuni hiyohiyo. Siku moja alitumwa kupeleka basi tupu bondeni, likachukue abiria kesho yake. Basi lenye watu likichelewa utasikia kelele: ndugu wanapiga simu, wapokeaji wanasimama stendi wakinuna. Basi tupu halisubiriwi na mtu. Wa juu walijua limeshaondoka, wa chini hawakujua kama linakuja. Lilitumbukia korongoni likakaa humo tangu asubuhi mpaka jua likaanza kuwa jekundu, ndipo mchunga mbuzi akaona vioo vinametameta. Daktari aliulizwa, na kwa kuwa hakujua kudanganya, alisema marehemu hakufa palepale.

Hapo hata mimi na domo langu hili sina la kuongeza.

Kampuni ilimpa mjane kazi ya kufagia ofisi. Baadaye mtu wa redio alipougua, wakamwambia ashike maiki kwa muda, na muda huo haukuisha. Wiki yake ya kwanza alimwambia dereva mmoja aliyekuwa pale juu, "Mwanangu, ukianza kushuka niambie. Ukifika chini niambie." Yule akaitika. Mwenzake akasikia redioni, naye akafanya vivyo hivyo, na jambo likaenea lenyewe.

Lakini kulikuwa na mwiba. Siku moja alikuwa anapita penye bomba la kuoshea mabasi akamsikia mkongwe mmoja akimfunda dereva mgeni: "Wewe mwite tu. Ni mjane wa mteremko ule. Msiba wake haujaisha, na sisi nani tumnyang'anye?" Mama Sauti alirudi chumbani bila kuonekana. Tangu siku hiyo aliendelea kujibu "nipo", ila kila "nipo" ilitoka na aibu kidogo, kama mtu anayekula kwa jirani halafu akasikia jikoni kwamba chungu kile hakikumhesabu yeye.

Ndivyo mambo yalivyokuwa mpaka asubuhi ile meneja alipomwita na kumwambia, "Mama, karibu kiti." Akajua hapo kuna jambo, maana meneja yule hakuwa mtu wa kugawa viti.

"Redio tunaifunga," meneja akasema. "Kila basi litawekewa kifaa. Huku kutakuwa na skrini kubwa, basi unaliona kama nukta: liko wapi, mwendo gani, injini imechemka au la. Dereva akitaka kusema kitu anabonyeza kitufe, ujumbe unakuja umeandikwa."

"Na sisi wa redio?"

"Chumba kipya kinataka mtu mmoja. Mwenzako Chumvi kashasema anakwenda kufuga kuku." Chumvi ndiye aliyepokezana naye zamu, na jina alipewa kwa sababu hakuna habari iliyopita mdomoni mwake bila kuongezwa ladha. "Sasa wewe, kampuni imekulipia kozi. Ya mtandaoni. Kusimamia miradi ya teknolojia, kwa watu wa usafirishaji. Isome, uongoze kazi hii ya kuhama kutoka redio kwenda skrini. Ikienda vizuri, kile kiti ni chako."

"Isipokwenda?"

Meneja akaanza kupanga kalamu zake. "Mama, umri wako unaujua kuliko mimi."

Akatoka. Kustaafu, kwa wengine, ni kulala mpaka jua liingie dirishani. Kwake yeye kulikuwa ni nyumba yenye viti vinne na mtu mmoja, kwa sababu binti yake wa pekee alikuwa anamaliza masomo ya uuguzi na muda wowote angepangiwa kazi mbali. Mtu aliyezoea kuitwa kutwa nzima, asiitwe tena na mtu. Hilo ndilo lililomfanya akubali kurudi darasani na miwani yake ya uzi.

Darasa lilikuwa Jumamosi asubuhi. Binti aliweka kompyuta juu ya meza ya kupigia pasi, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu na dirisha lenye mtandao, akamwonyesha mama pa kubonyeza. Mwalimu alikuwa bwana mpole mwenye shati lililopigwa pasi upande wa mbele tu; akigeuka kuchukua maji, mgongo wote ulikuwa makunyanzi. Wanafunzi walijaa kwenye vidirisha: nahodha wa kivuko, mtu wa reli mwenye kicheko kikubwa, dada wa teksi za simu, mhandisi wa taa za barabarani aliyekuwa akila kila saa.

"Karibu mama, jitambulishe," mwalimu akasema.

Mama Sauti akakishika kipanya cha kompyuta kama maiki, akakiinua mpaka mdomoni, akabonyeza. "Mimi natoka kwenye mabasi. Wananiita Mama Sauti. Ova."

Mtu wa reli akacheka mpaka kamera yake ikaanguka, wakabaki wanatazama dari la nyumba yake.

"Mama!" binti akanong'ona. "Hicho si cha kusemea. Weka chini!"

"Sasa watajuaje nimemaliza?"

Tangu hapo darasa zima likawa linamaliza na "ova", hata mwalimu. Lakini msidhani alikwenda kuchekesha watu. Aliandika kila kitu. Aliuliza mpaka mhandisi wa taa akaacha kula. Na mambo mawili aliyosema mwalimu yalimwingia. La kwanza: kabla hujaleta mashine, waulize wanaofanya kazi, kila siku mnafanya nini ambacho mashine hii lazima ikibebe? La pili: kabla hujazima cha zamani, amua ni jambo gani likitokea utakiwasha tena, na nani mwenye ruhusa ya kukiwasha. Mwalimu aliliita hilo mlango wa kurudi.

"Na huo mlango uwe na mwenye ufunguo mmoja," alisema. "Wakiwa wengi, siku ya moto watabishana mlangoni."

Mama Sauti akaandika kwenye mpango wake kwamba mwenye ufunguo ni yeye. Meneja akasaini bila kusoma, kama mameneja wafanyavyo.

Kisha akaenda kantini kuuliza. Madereva walikuwa wanakunywa chai. Akasimama katikati yao, na kwa kuwa wengi walikuwa hawajazoea kuiona ile sauti ikiwa na mwili, wakaweka vikombe chini.

"Haya wanangu, semeni. Kifaa hiki kikija, mnataka kiwe na vitufe gani?"

"Kisimwambie mke wangu nilipo!" mmoja akadakia, kantini ikaangua kicheko.

"Mke wako hahitaji kifaa, anakunusa," Mama Sauti akamjibu. "Semeni ya maana."

"Kitufe cha pancha."

"Cha mvua!"

"Cha abiria mlevi, mama. Hicho kiwe kikubwa."

Akaandika. Pembeni alikaa dereva mkongwe kuliko wote, wanamwita Breki kwa sababu hana haraka hata akiitwa kula. Alikuwa anakoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani.

"Na wewe Breki?"

"Mimi?" Akamtazama, kisha akatazama kikombe. "Mimi sina neno, mama."

Mama Sauti aliona ule mtazamo. Akautafsiri alivyoutafsiri: huruma ileile ya penye bomba. Hakuuliza tena.

Nyumbani binti aliusoma mpango wote, kidole kinashuka mstari kwa mstari. "Mama, mbona ile ya mteremko haimo?"

"Ipi?"

"Mama."

Akakunja nguo iliyokuwa imeshakunjwa. "Ile si kazi. Ile ni yangu mimi. Wanaifanya kwa kunihurumia, na siwezi kuwaingizia watu msiba wangu ndani ya mashine ya kampuni."

"Na wakiacha kukuita, hutaumia?"

"Nitaumia humu ndani mwangu."

Binti hakubishana. Mtoto wa dereva ni mtoto wa dereva, anajua barabara inapoishia.

Siku ya kuhama ikafika. Chumba kipya kilinuka rangi. Mwenyekiti wa bodi alikuja na watu wake, chai ikawekwa, meneja akavaa tai iliyomkaba mpaka macho yakatoka. Fundi wa kompyuta aliyetoka kwenye kampuni ya mitambo alisimama kando ya skrini kama bwana harusi. Madereva walishaambiwa: asubuhi hii mtambo wa redio unazimwa, asiwepo wa kushangaa. Chumvi ndiye aliyepewa heshima ya kuzima. Akaipapasa kichwani redio, iliyoletwa humo kwa ajili ya kuagwa, akasema, "Buriani mzee, umesikia mengi, usiyaseme huko uendako," watu wakacheka, na Mama Sauti akacheka nao.

Nukta zikatembea. Za kijani, zinapendeza. Mwenyekiti akasogea karibu.

"Kumbe mabasi yetu ni mengi namna hii!"

"Yakiwa nukta, mheshimiwa, kutu haionekani," Chumvi akasema. Meneja akamkazia macho.

Nukta ya kwanza ikafika juu ya mteremko, ikasimama. Hakuna aliyejali, kwa sababu mabasi husimama pale kujaribu breki. Ikafika ya pili, ikasimama nyuma yake. Ya tatu. Nukta zikageuka njano. Fundi akasema mtandao umekwama, akazima akawasha. Zikapotea, zikarudi, zikawa palepale. Sasa zilikuwa nyingi, zimeshikana kama siafu mdomoni mwa shimo, na upande wa mteremko palikuwa peupe kabisa. Ujumbe mmoja tu ukaingia, umeandikwa kwa herufi kubwa: ABIRIA MLEVI. Baadaye dereva yule aliulizwa, akasema hakukuwa na mlevi yeyote. Alitafuta kitufe kinachofanana na alichotaka kusema, akakosa, akabonyeza kikubwa.

Mama Sauti akaisogelea skrini. Wengine waliona nukta. Yeye aliuona uwanja ule, na upepo wake, na barabara tupu inayoteremka. Simu yake ikalia mfukoni. Alikuwa Breki.

"Mama, mbona kimya?"

"Una nini? Breki zimeshika?"

"Breki nzima. Sote wazima. Tumejipanga hapa juu, abiria wanatutukana matusi ambayo mimi na uzee wangu sijawahi kuyasikia."

"Si mnajua leo redio imezimwa? Mliambiwa!"

"Tulijua redio imezimwa." Upepo ukasikika ukipiga simu. "Nimejaribu gia, mama. Mkono umekataa. Nimeshika maiki, nikasema naanza kushuka, kama mwehu, najua haiendi popote. Halafu nikangoja. Wa nyuma yangu naye hivyohivyo. Nikamwambia pita wewe, akasema pita mwenyewe. Hatujawahi kushuka hapa bila mtu kujua kwamba tuko njiani."

"Mbona hukusema pale kantini? Nilikuuliza wewe, Breki. Wewe!"

"Ningesemaje? Ile ni ya marehemu. Nikutie kidole kwenye kidonda mbele ya wale watoto?"

"Mlikuwa mnanihurumia."

"Mwanzoni, ndiyo. Mwaka ule wa kwanza." Akakohoa. "Mama, mimi nina familia. Ulidhani miaka yote hii nilikuwa nakuita kwa ajili yako?"

Mama Sauti alijishika kwenye ukingo wa meza mpya, ambayo bado ilikuwa na karatasi ya nailoni.

Meneja akamsogelea, akasema huku ameuma meno, "Ni madereva? Waambie washuke. Wewe watakusikia. Neno moja tu hapo kwenye simu, na hawa wageni wataondoka hawajajua kitu."

Na kweli ilikuwa hivyo. Neno moja. Breki angeshuka, kwa kuwa ni yeye aliyesema, na wengine wangemfuata. Kiti kilikuwa hapo, kina magurudumu na mgongo wa kuegemea, hatua kadhaa tu kutoka aliposimama. Fundi naye akaongeza, kwa upole, kwamba watu huzoea, siku mbili tatu na jambo linasahaulika. Huenda alisema kweli. Lakini mama alikuwa anafikiria mkono. Mkono uliokataa gia, ukilazimishwa kushika gia kwenye kona zile kwa sababu yeye kasema.

"Mlango wa kurudi ni wangu, meneja," akasema. "Umesaini mwenyewe."

"Ukiwasha redio, jaribio limeshindwa. Mbele ya bodi!"

"Najua."

"Na kile kiti..."

"Nacho najua. Chumvi, washa."

Chumvi akawasha, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuongeza chochote.

Redio ikakoroma, ikatulia. Mama Sauti akavuta maiki. "Mama Sauti hapa. Nimewasikia wote. Wa kwanza."

"Mama, naanza kushuka." Ilikuwa sauti ya Breki, na nyuma yake abiria wanapiga makofi ya dharau.

"Shuka, nipo."

"Mama, naanza kushuka." Wa pili.

"Shuka. Mpe nafasi aliye mbele. Nipo."

Aliwashusha wote, mmoja baada ya mwingine. Kwenye skrini nukta zikaanza kuteleza barabarani kama shanga zilizokatika uzi. Mwenyekiti aliweka kikombe chini na hakukichukua tena. Basi la mwisho likafika kwenye mizani. Hapo mama akaachia maiki, akatoka nje, akakaa juu ya tairi kuukuu karakanani, akalia kwa namna ambayo mafundi wote waliamua kwenda kuangalia injini iliyokuwa mbali.

Meneja alikuwa mtu wa neno lake, bahati mbaya. Kiti kilikwenda kwa fundi wa kompyuta. Lakini mwenyekiti alikwenda mwenyewe kuwauliza madereva, na wale waliokosa la kusema kantini, siku hiyo walisema mpaka wakakatana maneno. Skrini ikabaki, kwa kuwa ni skrini nzuri, msinielewe vibaya. Mwezi uleule iligundua injini iliyokuwa inakufa kimyakimya. Na redio ikabaki kwa ajili ya mteremko, na Mama Sauti pamoja nayo, mezani pembeni akitazama ukuta, kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja unaoweza kukatwa wakati wowote. Si ushindi wa kuchinjia ng'ombe. Darasani mwalimu aliwataka kila mmoja aeleze lililomharibikia, naye akaeleza lote, na mtu wa reli hakucheka. Binti alipangiwa kazi mbali, kama ilivyotarajiwa, akaondoka na begi lake.

Kisha fundi, ambaye sasa ni bosi, akamjia na karatasi. Ni kijana mwenye adabu, hilo nampa. "Mama, tunaandika upya mahitaji ya mteremkoni. Wewe ndiye unayeyajua. Wanahitaji nini hasa pale?"

Mama Sauti akaipokea ile karatasi. Hakuwa amepita njia ile tangu mazishi. Akiwa na safari ya bondeni, alizunguka njia ndefu ya upande wa pili, nusu siku ya vumbi, na hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini.

"Sijui," akasema. "Ngoja nikaulize tena."

Akamwomba Chumvi, ambaye kuku wake walikuwa bado mayai, amshikie meza asubuhi moja. Akapanda basi la Breki, akakaa kiti cha nyuma ya dereva. Breki alimwona kwenye kioo, akavua kofia, akaivaa tena, asijue la kufanya na mikono. Walipofika juu alijaribu breki mara mbili zaidi ya kawaida.

"Mama, naanza kushuka," akasema kwenye maiki, kisha akageuka nusu, ameona haya, kwa kuwa mama alikuwa nyuma yake.

"Shuka, nipo," ikajibu sauti ya Chumvi.

Neno lenyewe lilimezwa nusu na mngurumo wa injini. Mama aliyekuwa amelisema miaka yote hakujua kwamba huku linafika limechakaa kiasi hicho. Lakini aliona mabega ya Breki yakishuka, na gia ikaingia bila kelele. Kona ya kwanza, ya pili. Akashika nondo ya kiti kwa mikono miwili. Kwenye kona moja kingo ya chuma ya kando ya barabara ilikuwa na kipande kisichofanana na vingine, kipya kuliko wenzake ingawa nacho kilishapata kutu. Breki akapunguza mwendo, bila kuombwa.

"Usisimame," mama akasema. "Una abiria."

Hawakusimama. Aligeuza uso akapatazama mpaka pakapita. Na palepale, walipokata kona, redio ikaanza kukoroma, kisha ikafa kabisa. Breki hakushtuka.

"Imekuwaje?" mama akauliza.

"Hapa huwa hivyo. Mpaka kona zile mbili za chini. Mwamba unaziba."

"Siku zote?"

"Siku zote, mama. Hapa mtu hakusikii, nawe humsikii. Tunajipitia tu."

Mama Sauti akahesabu kona mpaka redio ilipopata uhai tena. Kwenye mizani Breki alisema, "Nimefika," Chumvi akaitika, wakasogea mpaka stendi ya bondeni, abiria wakaanza kushusha mizigo yao. Mama akatoa simu, akampigia bosi wake kijana.

"Andika," akamwambia. "Katikati ya mteremko redio haisikiki. Kuna kona yenye kipande kipya cha kingo, anzia hapo kwenda chini. Kabla ya vitufe, kabla ya chochote, panataka mlingoti."

"Mlingoti ni gharama, mama. Una hakika ni hapo?"

"Nikirudi nitakuonyesha kwenye skrini yako."

Breki alikuwa amesimama mlangoni, anapangusa mikono kwa kitambaa. "Nikutafutie gari la ile njia ndefu?"

"La nini?" Mama akarudi kukaa kilekile kiti cha nyuma ya dereva. "Geuza basi. Nataka niisikilize ile kona tukiwa tunapanda."